Mzazi Aambiwe: Historia ya Habari kati ya Shule ya Msingi na Nyumbani

Muhula unapokwisha, mtoto wa shule ya msingi hurudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari. Juu pana jina la halmashauri na la shule. Chini yake pana jina la mwanafunzi, darasa, masomo, alama, wastani na nafasi aliyoshika kati ya wenzake, kisha mstari wa tabia ambao mara nyingi hujazwa neno moja tu: nzuri. Mwisho kabisa huandikwa tarehe ya kufungua shule na vitu vya kuja navyo, kama fagio, ndoo, rimu ya karatasi na mchango wa chakula. Mzazi husaini, karatasi ikarudishwa. Kwa familia nyingi za Tanzania hayo ndiyo maandishi marefu kuliko yote kutoka shuleni kwa mwaka mzima, na yanahusu alama na mahitaji. Wito wa ghafla ukija kati ya muhula, huwa ni kwa sababu mtoto amekosa. Alama, fedha na makosa ndiyo mambo matatu ambayo shule imezoea kuipelekea nyumba. Karatasi hiyo haielezi kama mtoto alichapwa, fimbo ngapi na kwa kosa gani. Haitaji choo kilichotitia, dereva mpya wa basi la shule, wala idadi ya watoto wanaolala katika bweni moja. Ukimya huo una historia, na sababu zake si umaskini wala ujinga wa wazazi, ingawa ndizo zinazotajwa sana. Shule yetu tangu ianzishwe iliichukulia familia kuwa ya kuamrishwa, na kila sheria na kila kampeni iliyofuata ilijengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo usalama wa watoto hautatengemaa kwa kuhimiza wazazi tu. Utatengemaa pale kumpa mzazi habari kutakapokuwa wajibu wa shule.

Kabla ya shule ya serikali, watoto wa pwani walisomea chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903, anaeleza jinsi mtoto alivyopelekwa chuoni na ada alizopewa mwalimu. Mwalimu huyo alikuwa jirani, akiswali msikiti mmoja na baba wa mtoto na kualikwa katika harusi na hitima zilezile. Bara na pwani, katika jando na unyago, mwali alikuwa na kungwi au somo aliyechaguliwa na ukoo wake, aliyejua nyumba ya mtoto na kuwajibika kwa nyumba hiyo. Hatuna haja ya kuzipamba zama hizo. Mwalimu wa chuo aliweza kupiga bila kuulizwa, na yaliyotendeka jandoni yalikuwa siri kwa makusudi, hata yale yaliyoumiza. Lakini mtoto akikabidhiwa, alikuwa kwa mtu ambaye mzazi alimjua kwa sura, kwa nyumba na kwa tabia. Habari zake zilisafiri barazani na kisimani bila kuhitaji karatasi, na mlezi aliyevuka mipaka alijua kwamba kesho atakutana uso kwa uso na wenye mtoto.

Shule ya kikoloni iliukata mnyororo huo. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mapema miaka ya 1890, kwa ajili ya kupata makarani, watoza kodi na walimu wa dola yao, na majumbe waliagizwa wapeleke watoto. Mtoto alikwenda shule kwa sababu mkubwa amesema, na aliyekuwa na swali alijua kwamba hakuna wa kuliuliza. Tangu mwanzo basi, baina ya mzazi na mwalimu palikaa mtawala. Isidhaniwe kwamba watawala hawakujua nguvu ya habari. Shule hiyohiyo ya Tanga ilikuwa na mtambo wa kuchapisha, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa inatoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Waingereza walipochukua Tanganyika, Idara ya Elimu ilianzisha jarida la Mambo Leo mwaka 1923, likasomwa nchi nzima kwa miongo kadhaa, na habari za miji, mashairi, mafundisho ya kilimo na afya na barua za wasomaji. Kwa hiyo idara iliyosimamia shule ndiyo iliyokuwa na jarida kubwa la Kiswahili la zama zake. Ilikuwa na njia ya kusema na wananchi, na ilisema sana. Lakini iliitumia kueneza elimu na sera ya serikali, na haikuifanya iwe mahali pa shule kutoa hesabu yake mbele ya waliokabidhi watoto.

Nini hutokea familia ikiamrishwa bila kuzungumzwa nayo? Jibu lilipatikana Kenya, kwa Wakikuyu, mwaka 1929. Baadhi ya misheni za Kiprotestanti ziliwataka walimu na waumini wao wakane tohara ya wasichana, la sivyo watengwe na kanisa na shule zake. Tohara hiyo ilikuwa na inabaki kuwa dhara kwa mtoto wa kike, na wamisheni hawakukosea kuliona hivyo. Walikosea njia. Jambo zito kuhusu miili ya watoto lilipelekwa kwa wazazi kama sharti la kutia saini, katika nchi ambayo wazazi hao walikuwa tayari wamenyang'anywa ardhi na hawakuwa na sauti katika uendeshaji wa shule. Wengi waliwaondoa watoto wao, wakaanza kujenga shule zao wenyewe, zikaundwa jumuiya za shule huru za Wakikuyu na shule za Karing'a, na mwaka 1939 chuo cha walimu Githunguri. Serikali ilizifunga shule hizo baada ya kutangaza hali ya hatari mwaka 1952. Tukio hilo lina funzo la pande mbili. Wazazi waliodhaniwa kutojali elimu walijenga madarasa na kulipa walimu kwa fedha zao. Na mafundisho ya kumlinda mtoto, yalipokuja kwa sura ya amri, yalikataliwa pamoja na mwenye kuamuru, na wasichana waliokusudiwa kulindwa ndio waliobaki bila kinga.

Tanganyika nayo ilikuwa na wazazi wa namna hiyo. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuzaliwa, iliundwa jumuiya ya wazazi wa Kiafrika iliyojulikana kama TAPA, ambayo ilijenga na kuendesha shule kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi katika shule za serikali na misheni. Ndiyo mama wa Jumuiya ya Wazazi ya CCM ya leo. Uhuru ulipokuja, matumaini yalikuwa kwamba shule sasa ni ya wananchi na ukuta kati yake na nyumba utabomoka. Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hilo waziwazi katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Alilalamika kwamba elimu tuliyorithi inamtenga mtoto na jamaa zake na kumfundisha kuwadharau wasiosoma, akataka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka. Shule zikalima mashamba, zikafuga, wazazi wakajitolea kufyatua matofali. Ukuta ulibomoka kwa upande wa kazi. Kwa upande wa habari ulibaki, kwa sababu kushirikiana katika kazi hakumpi mtu haki ya kuuliza. Mzazi aliweza kushinda shuleni siku nzima akibeba maji ya ujenzi bila kuambiwa lolote kuhusu yanayompata mwanawe darasani.

Halafu likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufikia 1977. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi, iliyokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, ilivuka milioni 3 kufikia 1980. Ilikuwa kazi kubwa ya taifa na itabaki kuwa fahari yetu. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, wakajulikana kwa jina la walimu wa UPE, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, wakasimama mbele ya madarasa yaliyofurika. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaja kuukaza mpango huo: kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe, na mzazi ahakikishe anahudhuria hadi amalize, la sivyo ashtakiwe. Utoro ukafuatiliwa na mwalimu mkuu, mtendaji na balozi wa nyumba kumi. Sheria hiyohiyo iliweka kamati za shule, na ndani ya kamati hizo wazazi walipata viti. Lakini tazama jinsi wajibu ulivyogawanywa. Mzazi alitakiwa kuijibu shule kwa kila siku mtoto aliyokosa, tena kwa tishio la faini na kifungo. Shule haikuwekewa wajibu wa uzito huo wa kumjibu mzazi kwa siku ambazo mtoto alihudhuria. Mtoto akikosa shule siku tatu, nyumba ilibishiwa hodi. Akipigwa hadi kuvimba siku ya nne, nyumba iligundua kwa kuona.

Watetezi wa mfumo huo husema kwamba zama zile hazikuruhusu zaidi. Wazazi wengi hawakujua kusoma, vijiji vilikuwa mbali, simu hazikuwepo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama miaka hiyohiyo isingetuachia ushahidi wa kuipinga. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vya kusikiliza redio viliundwa vijijini, kila kikundi na kiongozi wake, vitabu vidogo vikasambazwa, kipindi kikisikilizwa watu wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Walioshiriki walikuwa kama milioni 2. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai. Sambamba na kampeni hizo, kisomo cha watu wazima kiliteremsha idadi ya wasiojua kusoma na kuandika, kutoka zaidi ya nusu ya watu wazima wakati wa Azimio la Arusha hadi chini ya theluthi moja muongo mmoja baadaye. Na kisomo hicho mara nyingi kilifanyika katika majengo ya shule za msingi, kikifundishwa na walimu walewale. Wazazi walikuwa wanaingia darasani jioni, wanakaa kwenye madawati ya watoto wao, wanajifunza kusoma, halafu wanarudi nyumbani bila kuambiwa ni nani amechapwa asubuhi katika chumba hichohicho. Serikali ilipotaka familia zijue jambo, iliweza kuzifikia hata zisizojua herufi. Usalama wa mtoto shuleni haukupata kampeni kwa sababu haukuhesabiwa kuwa jambo ambalo familia ilipaswa kulijua.

Miaka ya 1980 uchumi ulipodorora, ada na michango vilirudi, na ujumbe kutoka shuleni ukazidi kuwa wa fedha. Mkutano wa wazazi ukawa jina jingine la mkutano wa michango, na anayeitwa kila mara kwa ajili ya kudaiwa hujifunza kutokwenda. Mwaka 2001 ada ilifutwa tena, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka uliofuata. Wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi takriban milioni 7.5 mwaka 2005. MMEM ulileta pia jambo ambalo halijasifiwa vya kutosha. Fedha za ruzuku zilipopelekwa shuleni na kamati za shule kupewa usimamizi wake, shule zilitakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo ili kila mwananchi asome. Utekelezaji haukuwa sawa kila mahali, lakini kanuni ilikuwa mpya kabisa: shule ina hesabu ya kutoa, na anayetolewa hesabu ni mzazi. Bahati mbaya hesabu hiyo iliishia kwenye fedha. Hata elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016, nyaraka za elimu zilifafanua kwa makini nini serikali italipa na nini kitabaki kwa mzazi, yaani sare, madaftari, chakula. Upande wa alama nao ulipanuka. Kwa miaka mingi matokeo ya mtihani wa taifa yalitangazwa kwa kupanga shule bora na shule za mwisho, desturi ambayo Baraza la Mitihani liliiacha mwaka 2023. Mzazi wa Tanzania aliweza kujua shule ya mwanawe ni ya ngapi kimkoa, na asijue kama ina kisanduku cha huduma ya kwanza.

Jambo linaloonyesha tatizo hili kwa karibu zaidi ni kitabu cha adhabu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema fimbo zisizidi 4 kwa mara moja, zitolewe kwa kosa zito tu, zitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila tukio liandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya fimbo na aliyechapa, kisha mwalimu mkuu atie saini. Kwa hiyo sheria yenyewe inadai kumbukumbu. Swali ni nani anaisoma. Kitabu hukaa ofisini kikisubiri mkaguzi, na mwenye mtoto, ambaye ndiye anayehusika kuliko wote, hana desturi ya kuonyeshwa. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Sisi tumeviacha viendelee na kuviandikia kitabu ambacho mzazi hakioni. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za kuiba mkoba, na nchi nzima ikajadili kwa majuma kadhaa. Kabla ya hapo, utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walipata kipigo au ukatili mwingine wa mwili kabla ya kufikisha miaka 18, walimu wakiwa miongoni mwa waliotajwa sana. Ulionyesha pia kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono utotoni, baadhi njiani kwenda au kutoka shule na baadhi shuleni penyewe. Takriban nusu ya wasichana hao na theluthi mbili ya wavulana hawakumwambia mtu yeyote. Mtoto anayeishi katika desturi ambayo shule na nyumba haziambiani kitu hujifunza haraka kwamba naye hapaswi kusema.

Misiba mikubwa nayo imetufundisha jambo lilelile kwa gharama kubwa zaidi. Mei 6, 2017, basi lililokuwa limebeba wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Septemba 2020, moto katika bweni la Shule ya Msingi Byamungu Islamic, Kyerwa, mkoani Kagera, uliua wanafunzi 10. Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri, Kenya, liliteketea na kuua wavulana 21. Endarasha inatufaa kuichunguza, kwa sababu baada ya moto kuzimwa kulikuwa na msiba mwingine juu ya ule wa kwanza. Viongozi walitangaza kwamba watoto kama 70 hawajulikani walipo, na wazazi waliokuwa wamewachukua watoto wao katika vurugu za usiku ule wakaombwa watoe taarifa ili hesabu ipatikane. Wengi wao walikuwa hai, nyumbani kwao au kwa jamaa. Hapakuwa na njia ya kuaminika iliyowekwa mapema ya kujua nani amemchukua nani, na familia zilisimama getini siku nzima zikisubiri majina. Baadaye serikali ya Kenya ilikagua shule za bweni na kufunga mabweni ya shule za msingi 348 ambazo hazikutimiza masharti ya usalama. Masharti hayo hayakuzaliwa baada ya moto. Mwongozo wa usalama wa shule za Kenya ulitolewa mwaka 2008, ukieleza nafasi kati ya vitanda, milango inayofunguka kwa nje na madirisha yasiyo na nondo. Laiti kila mzazi angepewa ukurasa mmoja wa masharti hayo siku ya kuandikisha mtoto, akaonyeshwa bweni, shule zisizoyatimiza zisingesubiri hadi mwaka 2024 ndipo zigundulike. Tanzania ilichukua hatua mwaka 2023 kwa waraka uliozuia huduma ya bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne. Ni hatua njema, lakini nayo ni amri kutoka juu. Mwenye mtoto wa darasa la tano bado anategemea bahati.

Wapo walimu watakaosema kwamba wanabebeshwa mzigo mwingine. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani, anayesahihisha madaftari hadi usiku na kujaza takwimu za wizara, atapata wapi muda wa kuandikia familia 90? Malalamiko hayo ni ya kweli na yeyote anayepita katika shule zetu anayajua. Lakini habari ninayoidai kwa sehemu kubwa imeshaandikwa. Daftari la mahudhurio linaitwa kila asubuhi. Kitabu cha adhabu kipo kwa mujibu wa kanuni. Ripoti ya mwalimu wa zamu huandikwa kila juma. Kazi iliyobaki ni kuitoa habari ofisini ifike kwa mwenye mtoto, na kazi hiyo inaweza kugawanywa na kamati ya shule na wawakilishi wa wazazi wa kila darasa. Wengine watasema wazazi wenyewe hawajali, wanaitwa hawaji. Historia tuliyoipitia inajibu: wazazi walewale walijenga shule za TAPA, walijenga shule huru za Wakikuyu, walijaza vikundi vya redio vya Mtu ni Afya. Walikwenda palipokuwa na jambo la kuwahusu na nafasi ya kusema. Wakiitwa kwa ajili ya kusikiliza madeni, watatuma mtoto wa jirani.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima ya mwalimu. Inasemwa kwamba mzazi akijua kila kitu atakuja shuleni na fimbo yake, mwalimu atatukanwa mbele ya darasa, nidhamu itakufa. Ni kweli kwamba walimu wamewahi kuvamiwa, na kulichukulia jambo hilo kwa wepesi ni kuwakosea haki. Hata hivyo, mzazi anayevamia shule mara nyingi amesikia habari kwa mtoto aliyekuwa analia, au kwa jirani, na hakuna aliyempa upande wa pili. Uvumi hustawi pale maelezo yanapokosekana. Mwalimu aliyempigia mzazi simu mchana, akaeleza kilichotokea na hatua iliyochukuliwa, amejilinda yeye mwenyewe kabla ya kumlinda mtoto. Kama kuna adhabu ambayo mwalimu asingethubutu kuitaja mbele ya mama wa mtoto, basi adhabu hiyo haikupaswa kutolewa. Heshima inayohitaji siri ili isimame haiwezi kumfaa mwalimu kwa muda mrefu, na walimu walio wengi, wanaofanya kazi yao kwa uadilifu, ndio wanaoumia zaidi wachache wanapofichwa nyuma yake.

Lipo pia pingamizi la faragha, nalo linastahili kusikilizwa kuliko yote. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, makundi ya WhatsApp ya wazazi na walimu yaliongezeka, hasa mijini na katika shule binafsi, na yamebaki. Humo hupita matangazo ya maana, na humo pia hupita picha za watoto, majina ya waliofeli na wakati mwingine masimulizi ya mtoto aliyedhalilishwa, yakasambazwa kwa mamia ya watu. Mtoto aliyeumizwa mara moja huumizwa tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuonya, na busara ilikuwa inatuonya kabla yake. Lakini jibu ni kutenganisha habari. Yale ya shule nzima, kama hali ya majengo, ratiba, safari, usafiri, maji na vyoo, ni ya wote na yabandikwe hadharani. Yale ya mtoto mmoja ni ya mlezi wake peke yake, yasemwe ana kwa ana au kwa simu. Na pale mlezi mwenyewe anaposhukiwa kumdhuru mtoto, taarifa iende kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyomtaka kila mwanajamii aripoti mtoto anapovunjiwa haki. Namba 116 ya kupiga bure kuhusu watoto ipo, na madawati ya ulinzi wa mtoto yameanza kuundwa mashuleni. Simu pekee haitoshi, maana bibi anayelea wajukuu kijijini huenda hana kifurushi. Kwake ubao wa matangazo, mkutano wa kitongoji na redio bado ni njia, na tulishathibitisha mwaka 1973 kwamba zinafanya kazi.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na tumeutumia usemi huo miaka mingi kuwadai wazazi mchango. Wakati umefika wa kuutumia kuidai shule. Yanayohitajika ni machache na yanaandikika katika waraka mmoja: mzazi aarifiwe siku hiyohiyo mtoto anapoumia, anapoadhibiwa kwa viboko au anapokosekana darasani bila sababu, kabla ya safari yoyote ajulishwe chombo, dereva na idadi ya abiria, mzazi wa bweni aonyeshwe bweni kabla ya kulipa na angalau mara moja kila muhula, kila shule iwe na orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na matokeo ya ukaguzi wa usalama yabandikwe kando ya hesabu za fedha. Wabunge na Wizara ya Elimu wana uwezo wa kuyaweka haya katika sheria, kwa uzito uleule uliotumika kumshtaki mzazi wa mtoto mtoro. Wajumbe wa kamati za shule wanaweza kuanza bila kusubiri. Nawe mzazi unayesoma, usingoje kuitwa. Nenda shuleni juma hili, jitambulishe kwa mwalimu wa darasa, omba kuona choo, jiko, bweni na kitabu cha adhabu, na uwaombe wazazi wenzako wafanye hivyo. Huendi kumgombeza mtu. Unakwenda kuuliza habari za mtoto uliyemkabidhi, na hiyo ni haki yako.